Tusilisingizie Jua, Tulichunguze Neno "Nguvu"

Katika shule zetu nyingi, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili hukutana wakati wa chai tu, na aghalabu mazungumzo yao huwa juu ya mshahara. Ni hasara, kwa sababu yapo masuala ambayo kila mmoja wao ana nusu ya jawabu mkononi. Suala ninalolikusudia leo ni la seli ndogo za jua, yaani vile vipande vyembamba, vyeusi au vya samawati, ambavyo hugeuza mwanga kuwa umeme, na ambavyo wanafunzi wetu huvikusanya kutoka katika taa zilizoharibika ili wapate kuchajia simu.

Hapa mtaani Fedha, upande wa Embakasi, shughuli hiyo si ngeni. Taa ya sola ikifa haitupwi. Seli zake hutolewa, hulehemiwa nyaya, kisha huanikwa juu ya paa kando ya nguo na matangi ya maji. Tangu umeme ulipopotea takriban nchini kote tarehe 25 Agosti 2023, ukapotea tena Novemba na Desemba mwaka uo huo, hakuna anayehitaji kushawishiwa kuhusu manufaa yake. Lakini muulize kijana mbona simu haichaji, naye atakujibu kwa maneno mawili: "Haina nguvu." Kisha ataunga seli nyingine kando ya ile ya kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Simu haichaji. Ataongeza ya tatu. Bado. Mwishowe atalisingizia jua la Nairobi kwamba ni hafifu.

Jua halina kosa. Mji huu uko digrii moja na ushei tu kusini mwa Ikweta, na jua la adhuhuri hutupiga utosini. Kosa liko kwenye neno. Neno "nguvu" tumelitwika mizigo mitatu kwa wakati mmoja: volti, ambayo ni msukumo wa umeme, mkondo, ambao ni kiasi cha umeme kinachopita, na wati, ambazo hupatikana tukizidisha volti kwa mkondo. Kijana yule alipungukiwa na volti, naye akaongeza mkondo. Alitenda sawasawa na alivyosema.

Mkazi wa Fedha hahitaji maabara ili aone tofauti hiyo. Atazame tangi la maji juu ya ghorofa yake. Anayeishi chini hupata maji yenye msukumo mkubwa. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa huoga kwa matone, ingawa tangi liko karibu naye. Kinachosukuma maji ni kimo. Ukiweka tangi la pili kando ya la kwanza, utakuwa na maji mengi zaidi, lakini msukumo hautabadilika. Ukitaka msukumo, huna budi kulipandisha tangi juu zaidi. Basi volti ni kimo, na mkondo ni wingi wa maji yanayopita bombani.

Seli ya silikoni, iwe pana kama sahani au ndogo kama ukucha, ikifanya kazi hutoa takriban nusu volti tu. Ukubwa wake huongeza mkondo, volti hauzigusi. Ndiyo maana seli moja iliyokatwa kwa uangalifu vipande viwili hutoa vipande vyenye volti ile ile, kila kimoja kikiwa na nusu ya mkondo. Huo ndio ufunguo wa mambo yote. Anayetaka volti nyingi kutoka katika eneo dogo hukata vipande vingi, akaviunga kwa mfuatano: chanya ya hiki kwa hasi ya kile, hadi mwisho. Wazee wetu waliijua kanuni hii kwa vitendo. Waliotia mawe manne katika redio, kichwa kwa mkia, kila jiwe likiwa la volti 1.5, walikuwa wakijumlisha volti 6. Na jiwe moja likigeuzwa, redio hunyamaza.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa. Tundu la kuchajia simu hutaka volti 5. Mtu atasema seli 10 zatosha. Hazitoshi. Seli ya silikoni ikipata joto hupoteza takriban sehemu mbili kwa elfu za volti kwa kila digrii, na juu ya bati la adhuhuri huweza kuzidi kwa digrii 25 joto lile ambalo hupimiwa kiwandani. Kwa seli 12 zenye volti 6, joto hilo huondoa volti 0.6. Kisha kuna dayodi, yule bawabu anayezuia umeme usirudi kinyume gizani: ya kawaida hutoza ushuru wa takriban volti 0.7, na ile iitwayo Schottky hutoza karibu 0.3. Kwa bawabu wa kwanza twabakiwa na volti 4.7, pungufu, kwa wa pili, 5.1. Kifaa hicho ni kidogo kama punje ya mchele, na katika maduka ya Luthuli Avenue hakimfilisi mtu. Hata hivyo, tahadhari: seli hizo 12 zisipobebeshwa mzigo hupanda hadi volti 7 na zaidi, hivyo ni busara kuweka kidhibiti volti kabla ya simu.

Mfuatano nao una dhambi yake. Mkondo wote hupita katika kila seli, kwa hiyo kivuli cha kamba ya nguo kikiangukia seli moja, zote hudhoofika. Na kuining'iniza paneli wima kwenye roshani, kama nionavyo kila siku mtaani, ni kulipa jua kisogo wakati wa adhuhuri. Hapa Nairobi paneli hutakiwa kulala karibu chali.

Ipo njia nyingine, nayo imejificha ndani ya ile ile taa ya bustani ambayo vijana huivunja. Nyingi za taa hizo zina betri ya volti 1.2 tu, ilhali taa yake nyeupe huhitaji karibu volti 3. Ndani mna koili ndogo na swichi ya kielektroniki inayofunga na kufungua mara maelfu kwa sekunde. Kila ikifunguka, koili hurusha volti juu kuliko ya betri. Kinachoongezeka kwenye volti hupunguka kwenye mkondo, na wati hazizidi hata chembe. Anayesema kwamba kifaa hicho "huongeza nguvu" amerudi kwenye tope lile lile la maneno.

(Kwa wapendao asili za maneno: ile mistari myembamba iliyo usoni mwa seli, inayokusanya mkondo, huchapwa kwa madini ya fedha. Mtaa wetu una jina linalostahili.)

Kenya si mgeni katika jambo hili. Mwaka 1984, Harold Burris na Mark Hankins walitia umeme wa jua katika Shule ya Upili ya Karamugi, Meru, na miaka iliyofuata maelfu ya familia za mashambani zikanunua paneli ndogo ili zitazame televisheni kwa betri ya volti 12. Paneli ya kuchaji betri hiyo kwa kawaida huwa na seli 36, na mwanafunzi aliyeelewa habari ya tangi ataweza kueleza kwa nini si 24.

Nimesikia walimu wakisema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, basi Kiswahili kitawachelewesha watoto. Sikubaliani nao. Istilahi tunazo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwanafunzi aliyekariri sentensi ya Kiingereza kuhusu seli zilizofuatana ataipata alama yake, kisha atapanda paani na kuunga seli zake kando kwa kando. Mwalimu na aanze kwa tangi na mawe ya redio, atenge volti na mkondo na wati kwa lugha ambayo mtoto huulizia maswali, ndipo ampe jina la kigeni la kuandika.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Mpe mwanafunzi seli 4 zilizofuatana na kipimo cha umeme, apime zikiwa hazina mzigo. Ataona volti 2 na ushei. Kisha aunge kimota kidogo, apime tena, naye aone tarakimu zikiporomoka. Mwulize ni kitu gani kilichopungua, na kwa nini, bila kumruhusu kutumia neno "nguvu".