Sauti ya Wakutubi Bungeni: Inamfaidi Vipi Mwananchi?

Si lazima sheria ipitishwe ndipo maktaba ya umma ife. Mlango unaweza kuwa wazi kila siku na wahudumu wako kazini, lakini rafu zisipate kitabu kipya kwa miaka kadhaa kwa sababu tu fungu la vitabu liliachwa bila fedha kwenye bajeti. Ndiyo maana wakutubi hawakai ndani ya maktaba pekee. Kupitia vyama vyao vya kitaaluma, kama Chama cha Maktaba Kenya (KLA), wana nafasi ya kuzungumza na wanaotunga sheria na kupitisha bajeti.

Maktaba ni jukumu la nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa majukumu kati ya serikali kuu na serikali za kaunti. Katika Sehemu ya 2 ya jedwali hilo, maktaba zimetajwa miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na makavazi, michezo na bustani za umma. Kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, maktaba nyingi za umma zilisimamiwa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya (KNLS), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Hata hivyo, Katiba inataja jukumu tu. Haisemi ni shilingi ngapi zitengewe maktaba. Kila mwaka maktaba hushindania fedha na barabara, maji na hospitali. Huduma isiyo na msemaji husahaulika kwa urahisi.

Sheria hufika hadi kwenye rafu

Chukua mfano wa ushuru. Sheria ya Ushuru wa Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2013 iliweka ushuru wa asilimia 16 kwa vitabu. Kwa kiwango hicho, maktaba yenye shilingi 116,000 za kununua vitabu hupata vitabu vya shilingi 100,000. Shilingi 16,000 zinazobaki ni ushuru.

Mfano wa pili ni wa faida. Katika nchi nyingi, kugeuza kitabu kuwa breli au sauti kwa ajili ya wasioona kulihitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba (IFLA) na vyama vya watu wasioona vilifanya utetezi kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mkataba wa Marrakesh ukapitishwa. Mkataba huo unaziruhusu taasisi zinazokubalika, zikiwemo maktaba, kutengeneza nakala hizo na kubadilishana na nchi nyingine wanachama. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa mwaka 2019. Mwanafunzi asiyeona anapopata kitabu cha breli leo, nyuma yake kuna watu waliokaa na wabunge na wanasheria wakipitia vifungu neno kwa neno.

Kwa nini chama, si mkutubi mmoja?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutubi wa umma ni mwajiriwa, na si rahisi kwake kusimama peke yake kukosoa bajeti ya mwajiri wake. Chama kinaweza kusoma mswada mapema, kukusanya takwimu za wasomaji kutoka maktaba mbalimbali, kuandika maoni na kufika mbele ya kamati. Tena, wabunge na MCA huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Chama hubaki na kumbukumbu ya ahadi zilizotolewa.

Lakini chama cha wataalamu pia kina maslahi ya wanachama wake, kama ajira na mishahara. Kwa hivyo sauti yake haitoshi bila ya msomaji mwenyewe.

Wewe mkazi unaweza kufanya nini?

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Zingatia tarehe hizi:

- Kufikia Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti. Mradi wa maktaba ya wadi yako uingizwe hapa kwanza.
- Kufikia Februari 28: taarifa ya mwelekeo wa fedha wa kaunti huwasilishwa. Hapa ndipo viwango vya fedha vya kila idara hupendekezwa.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti huwasilishwa. Tafuta fungu la vitabu, si la majengo na mishahara pekee.
- Kufikia Juni 30: bajeti inapaswa kuwa imepitishwa, kwani mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Vilevile, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga au kurekebisha sheria.

Unapohudhuria kikao cha maoni, sema mambo mahususi: maktaba ipi, inakosa nini, nani wanaathirika. Mkutubi wa eneo lako anaweza kukueleza wasomaji huuliza vitabu gani na kukosa. Ombi la namna hiyo lina uzito kuliko kusema tu kwamba maktaba ziboreshwe.