Amplifaya ya Gitaa: Tuichague kwa Masikio, Si kwa Macho

Hakuna askari anayepokea bunduki ghalani kwa sababu tu inang'aa. Huifungua, huikagua, kisha huijaribu shabahani. Lakini tumewaona wenzetu waliokabidhiwa fedha za bendi ya kambi wakiingia dukani, wakaonyeshwa sanduku kubwa lenye tarakimu kubwa, wakalipa na kulipakia katika lori bila hata kuunga gitaa. Fedha hizo ni michango ya askari, na anayeitumia ovyo amewakosea wengi.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kucheka. Bendi ya kambi yetu iliwahi kununua amplifaya moja ya wati 100, tukaunga ndani yake gitaa la solo, la ridhim na la besi pamoja. Kabla ya saa nne usiku besi ilikuwa imekwisha kupasua karatasi ya spika. Dansi ikavunjika, na akina mama waliovaa vizuri wakarudi nyumbani na watoto wao. Kosa halikuwa la chombo, bali letu.

Jambo la kwanza ni kuijua kazi. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, kama ule uliopigwa Tanzania na bendi za vikosi kama Polisi Jazz, Kimulimuli ya JKT na Mwenge Jazz, ni mazungumzo ya magitaa. Kila uzi hutakiwa kusikika peke yake, safi, bila kukwaruza. Amplifaya za Marshall, alizoanza kuziuza Jim Marshall katika duka lake la Hanwell, London, mwaka 1962, zilipata sifa kwa wapigaji wa roki kwa sababu zikifunguliwa sana hukwaruza kwa namna waliyoitaka wao. Sifa hiyo ni ya haki, lakini kazi yao si yetu. Kwa sauti safi, wapigaji wengi wamezitegemea Fender Twin Reverb ya Marekani, iliyotoka mwaka 1963, na Roland JC-120 ya Japani, ya mwaka 1975. Kila moja ina spika mbili za inchi 12. Gitaa la besi nalo lipewe amplifaya yake na spika yake.

Jambo la pili ni wati. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Wati 100 si sauti mara mbili ya wati 50. Sikio husikia tofauti ndogo tu. Ili sauti isikike mara mbili, yapasa nguvu iongezwe karibu mara kumi. Faida ya nguvu ya akiba ni kwamba sauti hubaki safi wakati ukumbi umejaa. Spika nayo isisahauliwe, kwani iliyo hodari hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zile zile.

Jambo la tatu ni safari. Twin Reverb hutumia valvu za kioo, ambazo hupata moto, huchakaa, na hazipendi kurushwarushwa katika lori. Tena amplifaya ya valvu isipigwe kamwe bila kuungwa na spika, kwani transfoma yake yaweza kuungua. JC-120 hutumia transista na haina valvu za kubadilisha. Mwenye fundi hodari na valvu za akiba achague aipendayo; asiye navyo achukue ya transista.

Jambo la nne ni uhai wa mtu. Umeme wa Uganda ni wa volti 240. Chombo kilichotengenezwa kwa volti 120 za Marekani au 100 za Japani kitaungua kikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha umeme. Basi kibandiko cha nyuma kisomwe kwanza. Waya wa ethi usikatwe kamwe, hata kama fundi adai kuwa ndio dawa ya mvumo. Mwezi Mei 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, aliposhika maikrofoni katika mitambo isiyounganishwa na ardhi ipasavyo. Alikuwa mbele ya watu waliokuja kufurahi.

Kwa hiyo, ndugu wapiganaji, anayetumwa dukani aende na mpiga solo, fundi umeme na gitaa lile lile la bendi. Chombo kifunguliwe kwa sauti ya ukumbini, si ya chumbani, kwa muda wa nusu saa. Kila kitasa kizungushwe, na sikio litafute mkwaruzo. Kikishindwa, kirudishwe pale pale kabla fedha hazijatoka mfukoni. Askari waliochanga wanastahili kucheza dansi hadi mwisho, na wapigaji wao wanastahili kurudi mabwenini wakiwa hai.