Baada ya Alasiri, Watoto Wetu Wacheze Wapi?

Siku ya mtoto wa Kiislamu katika mitaa mingi ya Dar es Salaam imejaa pomoni. Alfajiri huamshwa kwa swala, kisha shule. Akirudi hula, huvaa kanzu au baibui, hushika juzuu yake na kwenda madrasa. Akitoka huko, kwa wenye uwezo, kuna tuisheni. Usiku humkuta mbele ya televisheni au ameinamia simu ya mama yake. Tukiuliza ni saa ngapi ya siku hiyo mtoto huyo alikimbia, alichimba mchanga au alibishana na wenzake juu ya kanuni za mchezo, mara nyingi hatupati jibu.

Hatuna haraka ya kuwalaumu wazazi. Viwanja vilivyochezewa kombolela, rede na mdako vimegeuka fremu za maduka na maegesho ya magari, na vichochoro vimekuwa njia za bodaboda. Mzazi anayefunga geti ana hofu, na hofu yake ina sababu. Lakini kufungiwa nako kuna gharama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazowatoa jasho. Dakika hizo hazipatikani juu ya kochi.

Wapo miongoni mwetu wanaoona mchezo ni upuuzi unaomchelewesha mtoto kuhifadhi. Sira inatuonesha jambo jingine. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Abu Umair, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akimtania kwa kumuuliza habari za ndege huyo. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, wenzake walipomwona Mtume wakijificha kwa haya, yeye aliwarudisha waendelee kucheza naye. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameshauri katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, akaonya kuwa kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo tu huua moyo wake na kumfanya atafute hila za kuyakimbia. Walimu wetu wanaoshangaa kwa nini vijana hutoroka madrasa wangefaa kuirejea sehemu hiyo.

Wala si jambo geni kwenye mwambao wetu. Miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliomba msaada wa kuwaandaa watoto wao kielimu bila kuwatenga na dini. Wakfu wa Aga Khan uliitikia, na mpango wa madrasa za awali ukaanzia Mombasa, ambako Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walimu waanzilishi. Baadaye ukaenea Zanzibar na Uganda. Darasani vilitumika vitu vilivyokuwepo: vifuu, mbegu, vizibo vya chupa. Mtoto alijifunza kuhesabu kwa kushika na kupanga. Ikiwa hilo liliwezekana ndani ya chumba, uani na barazani linawezekana zaidi.

Tuchukue mfano mmoja usiohitaji fedha. Siku ya Jumamosi, fimbo ya mita moja isimikwe wima mahali tambarare penye jua. Kabla ya adhuhuri watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Wataona kivuli kikipungua, kikitulia, kisha kikianza kurefuka: jua limepinduka, na wakati wa Adhuhuri umeingia. Ule urefu mfupi kabisa waupime kwa uzi na kuutunza. Kivuli kitakapofikia urefu wa fimbo pamoja na ule uzi, Alasiri imeingia kwa kauli ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani. Hapo mna hesabu, jiografia na fiq'hi kwa pamoja, na hakuna aliyelazimishwa kukaa kimya. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, watoto wa Dar es Salaam watakuta kivuli cha adhuhuri kimetoweka kabisa, nasi tusiwaharakishie maelezo. Waachwe kwanza washangae.

Fimbo hiyohiyo huonesha kibla. Mnamo tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa zetu, na tena tarehe 16 Julai, saa 6:27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Anayesimama kwenye ncha ya kivuli akaitazama fimbo huwa ameelekea Makka. Mtoto wa Dar es Salaam atajikuta anatazama karibu kaskazini moja kwa moja. Binamu yake wa Kigoma, akipigiwa simu dakika hiyo, atasema mstari wake umeegemea mashariki. Kwa nini? Swali hilo moja laweza kuwapeleka kwenye ramani jioni nzima.

Kinachohitajika zaidi ni watu wazima wawili au watatu watakaokaa nje. Mjumbe na serikali ya mtaa waombwe ruhusa ya kufunga kichochoro kimoja kwa kamba, mara moja kwa wiki, baada ya swala ya Alasiri. Pale ambapo msikiti una uwanja, kamati iufungue. Wasimamizi wawe wanaojulikana na wazazi, wasiwe chini ya wawili wakati wowote, na mtoto asichukuliwe pembeni peke yake. Akina baba wasiwaachie akina mama kazi hii. Wengi wao wakati huo wako barazani wakinywa kahawa, hatua chache tu kutoka hapo.

Mabinti wapewe zamu yao kamili. Desturi ya kuwatuma dukani na kuwarudisha jikoni huku kaka zao wakikimbia haikutokana na Sunna: Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, kama alivyopokea Abu Dawud. Mtoto asiyeweza kukimbia ndiye apewe kushika uzi na kutangaza vipimo, maana katika mchezo wa kivuli huyo ndiye mwamuzi.

Saa ya kumaliza tumekwisha kupangiwa. Hadithi ya Jabir katika Bukhari na Muslim inaamuru watoto wazuiwe ndani giza linapoingia. Basi kamba ikunjwe kabla ya adhana ya Magharibi, wanawe mikono na miguu, na wakubwa miongoni mwao wahesabu wadogo kabla ya kutawanyika.