Boti ya Uvuvi kwa Maziwa ya Mwinuko: Kuchagua Kati ya Mbili Zinazofanana

Mnunuzi wa Kigali anayetafuta boti ya uvuvi wa burudani, yaani uvuvi wa fimbo na ndoano unaofanywa kwa starehe na si kwa soko, mara nyingi huishia kuwa na karatasi mbili mkononi, kila moja ikieleza boti ya faiba yenye urefu wa mita 5 na nusu hivi, usukani katikati, na mashine moja iliyopachikwa tezini, yaani upande wa nyuma. Bei zake hukaribiana, picha hufanana, na kasi zilizoandikwa hupishana kidogo tu. Jambo ambalo karatasi hizo hazilisemi kwa kawaida ni mahali vipimo vilipochukuliwa. Na kwa kuwa boti nyingi za aina hii hupimwa baharini au kwenye maji ya nchi za tambarare, takwimu zake haziwezi kuhamishiwa Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kusahihishwa.

Mashine ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma mafuta pamoja na hewa, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba mashine ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo katika Ziwa Kivu upotevu huo hufikia karibu asilimia 15. Mashine iliyoandikwa kuwa na nguvu ya farasi 60 hufanya kazi hapo kama mashine ya farasi 51. Hasara hiyo ni ndogo zaidi katika Ziwa Viktoria, ambalo liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hupungua tena katika Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita 770 hivi. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha nguvu hiyo kwa kurekebisha skrubu. Kinachowezekana ni kuchagua boti ambayo haitaihitaji sana, au kununua mashine kubwa zaidi tangu mwanzo.

Hapo ndipo tofauti ya uzito, ambayo wanunuzi wengi huiruka, inapogeuka kuwa swali la kwanza. Zichukuliwe kwa mfano boti mbili za urefu mmoja, zenye mashine za farasi 60 zinazolingana: ya kwanza ina kiwiliwili cha kilo 500, na ya pili cha kilo 660. Vikiongezwa mashine ya kilo 115, watu wanne wa kilo 300 kwa jumla, lita 100 za petroli ambazo ni karibu kilo 75, pamoja na nanga, betri na vyombo vya uvuvi vya kilo 60, boti ya kwanza huwa na kilo 1,050 na ya pili kilo 1,210. Baharini, kila nguvu moja ya farasi hubeba kilo 17.5 katika boti ya kwanza na kilo 20.2 katika ya pili. Kwenye Ziwa Kivu mizigo hiyo hupanda hadi kilo 20.6 na kilo 23.7. Kwa maneno mengine, boti nyepesi ikiwa Kivu hubeba mzigo unaokaribia ule ambao boti nzito huubeba baharini, ilhali boti nzito huvuka mpaka ambao baada yake boti nyingi za mwendo wa kasi hushindwa kupanda juu ya maji kwa urahisi.

Kupanda juu ya maji ndiyo hali ambayo boti, ikishapata kasi ya kutosha, huacha kuyasukuma maji pembeni na kuanza kuteleza juu yake, omo, yaani upande wa mbele, ikishuka na mkia wa povu ukinyooka. Boti isiyofika katika hali hiyo huenda huku omo imeinuka na tezi imezama, nahodha haoni mbele vizuri, na petroli huteketea bila faida. Kwa makadirio ya kawaida, mashine ya mipigo minne inayokimbizwa kwa nguvu zake zote hutumia karibu lita 38 kwa saa kwa kila farasi 100, yaani lita 22 au 23 kwa mashine ya farasi 60. Boti iliyokwisha kupanda inaweza kupunguziwa mafuta hadi karibu nusu ya kiasi hicho na kuendelea kuteleza, lakini boti inayohangaika kupanda hailegezeki. Mtu anayetoka Karongi, kwenye ufuko wa Kivu, kwenda visiwani na kurudi ataiona tofauti hiyo katika tangi lake kila safari, na ndiyo maana desturi ya manahodha ya kutumia theluthi moja ya mafuta kwa kwenda, theluthi moja kwa kurudi na kuiacha theluthi ya mwisho kuwa akiba inastahili kufuatwa kwa makini zaidi mahali ambapo vituo vya mafuta haviko ufukweni.

Tofauti ya pili iko chini ya boti, mahali picha za matangazo hazionyeshi. Tumbo la boti hizi lina umbo la herufi V, na pembe ya V hiyo kwenye tezi, inayopimwa kwa nyuzi kutoka kwenye usawa, ndiyo huamua namna boti itakavyopokea mawimbi. Tumbo lenye nyuzi 12 hadi 16 huhesabiwa kuwa la kadiri, na lenye nyuzi 20 hadi 24 huitwa la V ya kina. Umbo la V ya kina lilisanifiwa na Mmarekani C. Raymond Hunt, na lilipata sifa kubwa mwaka 1960, pale boti ya Richard Bertram iliyoitwa Moppie iliposhinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Tangu hapo wauzaji wengi wameitaja V ya kina kana kwamba ni ubora usio na gharama, na mnunuzi asiyeuliza huchukulia kwamba nyuzi nyingi zaidi ni boti bora zaidi.

Gharama ipo, na ni ya aina mbili. V ya kina huhitaji nguvu nyingi zaidi ili kupanda juu ya maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya msukumo wa maji huelekezwa pembeni badala ya kuinua. Na boti yenye tumbo hilo, ikisimama, huyumba kwa urahisi watu wanapokusanyika upande mmoja. Mvuvi wa mlango wa Pemba, anayerambaza, yaani anayeburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda ili kuwavuta jodari na nduaro, huwa safarini muda mwingi na hukutana na mawimbi ya bahari kuu, hivyo huilipa gharama hiyo na kufaidika. Uvuvi wa Kivu hauko hivyo. Samaki maarufu wa ziwa hilo ni sambaza, dagaa aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye huvuliwa usiku kwa taa na nyavu na wavuvi wa kazi, wenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mwenye fimbo hutafuta sato kwenye ghuba na kandokando ya visiwa, mchana, boti ikiwa imesimama au ikisogea taratibu, na watu wawili au watatu wakiwa wameegemea ubavu mmoja. Katika Ziwa Muhazi, ambalo ndilo lililo karibu zaidi na Kigali kwa mwenye kuvuta boti kwa trela, maji ni membamba na yamekingwa na vilima, na anayemtafuta kambare au kamongo hahitaji kabisa tumbo la kupasua mawimbi. Kwa uvuvi wa namna hii utulivu wa boti iliyosimama una thamani kuliko ulaini wa mwendo.

Hata hivyo haifai kuidharau Kivu. Ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 90 na kina kinachofikia mita 485 huweza kuinua mawimbi makali upepo unapovuma kwa urefu wake, na boti ya tumbo la kadiri hupiga kishindo ikikimbizwa juu ya mawimbi hayo, kwa hiyo nahodha wake hana budi kupunguza mwendo. Njia ya kupima usalama si kutazama pembe peke yake bali kusoma kibao kilichobandikwa karibu na usukani au tezini, kinachotaja idadi ya watu, nguvu ya juu kabisa ya mashine inayoruhusiwa, na, kwa boti zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, herufi ya daraja. Daraja C ni la maji ya pwani na maziwa makubwa, kwa mawimbi ya hadi mita 2. Daraja D ni la maji yaliyokingwa, kwa mawimbi ya sentimita 30 na mara mojamoja ya sentimita 50. Boti ya daraja D inatosha Muhazi, lakini haistahili kupelekwa katikati ya Kivu, hata ikiuzwa kwa bei nafuu kiasi gani.

Kuhusu mashine yenyewe, mipigo minne yenye mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa umeme inafaa zaidi mwinuko, kwa sababu vihisi vyake hupima hewa na kupunguza petroli ipasavyo, wakati mashine ya kabureta iliyotoka pwani humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ikatoa moshi na kuchafua plagi, hadi ibadilishiwe vijitundu vya kupitishia mafuta. Mashine ya mipigo miwili ni nyepesi na mafundi wengi wa maziwani huifahamu, lakini huchoma oili pamoja na petroli, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50, na hutumia mafuta zaidi. Jina la kampuni lichunguzwe kwa upande wa vipuri: Evinrude, jina lililoanzishwa na Ole Evinrude mwaka 1909, liliacha kutengeneza mashine mwaka 2020, na anayeuziwa mashine hiyo kwa bei ya kuvutia afikirie vipuri vyake vitatoka wapi miaka kumi ijayo. Vipande vya madini vilivyofungwa kwenye mashine ili viliwe na kutu badala yake navyo vikaguliwe, kwa kuwa vile vya zinki vinavyofaa bahari ya chumvi havifanyi kazi vizuri katika maji ya ziwa, na hubadilishwa kwa vya magnesi au alumini.

Propela, au rafadha, huamua mengi kuliko wanunuzi wanavyodhani. Hatua ya propela ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu, na hupimwa kwa inchi. Mashine nyingi za ukubwa huu hutakiwa kufikia mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika zikifunguliwa kabisa. Boti ikijaribiwa Kivu ikiwa na mzigo kamili na kuishia mizunguko 4,600, propela yake ina hatua kubwa mno kwa mwinuko huo. Kila inchi inayopunguzwa huongeza takriban mizunguko 200, hivyo inchi mbili au tatu hutosha. Muuzaji anayekataa jaribio la namna hiyo, akiwa na watu wanne ndani ya boti na tangi lililojaa, ameshatoa jibu.

Lipo pia suala la kusafirisha. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa karibu mita 2.34, na boti yenye upana wa mita 2.25 hupita wakati ile ya mita 2.45 italazimika kulazwa ubavu au kubebwa kwenye jukwaa la wazi, kwa gharama kubwa zaidi, katika safari ya karibu kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo. Sentimita 20 zisizoonekana kwenye picha zinaweza kufuta punguzo lote la bei.

Kwa mkazi wa Kigali atakayevua Kivu na Muhazi, boti inayofaa ni ile nyepesi, yenye tumbo la nyuzi 14 hivi, daraja C, upana unaopita mlango wa kontena, na mashine ya mipigo minne ya farasi 70 au 75 badala ya 60, mradi kibao cha boti kinaruhusu. Boti ya V ya kina inunuliwe na yule tu anayekusudia kwenda Mwanza kumfuata sangara katika Ziwa Viktoria, na aifunge mashine isiyopungua farasi 90.