Marahaba Iliyokwama

Kwa wiki mbili mpwa wangu aliyeko Maskati aliniamkia kila usiku, nami sikuweza kumwitikia. Nikishavaa miwani ya uhalisia pepe, sebule yangu ya Tanga hutoweka; mbele yangu hutokea meza ya tenisi, na ng'ambo ya wavu huelea kichwa na raketi. "Shikamoo mjomba!" Naitika marahaba, yeye hasikii. Nikawa natikisa raketi juu na chini ili angalau ajue nimempokea.

Tunacheza Eleven Table Tennis. Kama ilivyo kwenye meza ya kweli tangu 2001, seti huisha kwa pointi 11, si 21 za zamani. Alikuwa akinifunga 11 kwa 2. Alijitahidi kunielekeza, lakini mwalimu asiyesikia swali lako hukufundisha lile analodhani limekushinda.

Niliamini maiki imekufa. Kabla ya kutafuta fundi nikafanya jambo ambalo namshauri kila mtu aanze nalo: nilijirekodi. Rekodi video fupi ndani ya miwani, sauti ya maiki ikiwa imewashwa, kisha isikilize. Ukijisikia, maiki ni nzima. Tafuta kosa kwenye mipangilio. Rekodi yangu ilinasa hata muuza samaki aliyekuwa akipita dirishani.

Nikafungua mipangilio, upande wa ruhusa za programu. Mchezo ulikuwa umenyimwa maiki. Siku ya kwanza uliomba ruhusa nami nikakataa, kwa tahadhari ileile niliyo nayo kwenye simu, na tahadhari hiyo bado naiona ni ya haki. Nikauruhusu, nikaufunga kabisa, nikaufungua upya.

Kwa wengine kosa huwa kwingine. Ukiwa kwenye maongezi ya kikundi nje ya mchezo, maiki inaweza kubaki huko, na wachezaji wenzako wasikusikie. Wanaounganisha miwani na kompyuta ya Windows waangalie ni maiki gani iliyochaguliwa. Mara nyingi huwa ya kamera au ya kompyuta yenyewe. Sauti inayokatikakatika ni jambo jingine: mara nyingi ni mtandao, basi sogea karibu na ruta. Na vitundu vya maiki vifute kwa kitambaa kikavu, usivichokoe kwa sindano.

Usiku ule alipotoa shikamoo yake, nikaitika. Kimya kidogo, kisha akapiga kelele za furaha hadi nikamsikia dada yangu kwa mbali akiuliza kuna nini.

Swali langu la kwanza lilikuwa limenikaa moyoni siku zote hizo: kwa nini mpira wake kila nikiugusa unazama wavuni?

"Huo nimeukata kwa chini, mjomba. Usiupige, unyanyue. Uso wa raketi utazame juu kidogo."

Akaniletea mpira uleule, tena na tena. Nainamisha kiganja, kidhibiti kinatetemeka mkononi mpira unapogusa, unapanda, unagonga ukingo wa wavu, unaanguka upande wangu. Tena. Baada ya mipira kama thelathini mmoja ukavuka, ukatua taratibu upande wake, na mkono wangu ukajua ulichofanya kabla sijakielewa mwenyewe. Raha ile sijaipata tangu nilipojifunza kuendesha baiskeli.

Jana nilifika 9. Pointi ya mwisho aliichukua kwa mpira uliopinda pembeni, aina ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Huo wa kesho, mjomba," akasema. "Inshallah."