Sikio Linauma, Kumbe ni Taya

Wako watu wanaozunguka na maumivu ya sikio mwaka mzima. Wametiwa mafuta ya moto (jambo baya, linaunguza), wamenunua dawa ya matone, na bado linauma. Usaha hakuna, homa hakuna, na wanasikia vizuri. Hao tunawaomba waangalie taya pia.

Hebu weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua mdomo na kufunga. Hicho kinachocheza ni kiungo cha taya. Ndani yake kuna kisahani kinachozuia mfupa kusagana na mfupa. Kwa vile kiko jirani kabisa na sikio, kikiumia mtu hudhani ni sikio. Wengine huumwa kichwa au shingo.

Tabia za mdomo huchosha kiungo hiki. Mtafunaji wa miraa (tunajua ndiyo inalipa karo kule Meru, ugomvi nayo leo hatuna) huanza mchana mpaka usiku, shavu moja limejaa, na chingamu juu yake. Misuli ya taya ni kama ya mkono. Lima masaa nane bila kupumzika uone! Kuna pia kung'ata kucha, kufungua soda kwa meno, na kutafuna upande mmoja tu kwa sababu jino la upande wa pili limeoza na halijatibiwa.

Kusaga meno usiku, watu husema ni minyoo. Minyoo itibiwe, lakini hata asiye nayo husaga, hasa mwenye mawazo mengi. Na mchana wengi wetu hukaza meno bila kujua, tukibeba kuni au tukihesabu deni. Usipokula, midomo ifungwe lakini meno yasigusane.

Si kila mara ni tabia. Kuanguka, kupigwa au ugonjwa wa viungo pia huleta shida hii. Na taya likilia "ta" bila kuuma, liache.

Likiuma, kula chakula laini kwa wiki mbili hivi: uji, ugali laini, viazi. Muwa na mahindi ya kuchoma vingoje. Weka kitambaa chenye joto dakika 15, mara mbili tatu kwa siku, na ukipiga miayo shika kidevu. Wengi hupata nafuu hivyo, bila kupasuliwa. Usikubali kung'olewa jino zima ati ndilo linaloleta maumivu, kabla daktari wa meno hajalikagua na taya pia.

Vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa visipoingia mdomoni, nenda hospitali. Mdomo ukikwama wazi, asikupige mtu ngumi kuurudisha. Na mtu aliyechomwa na msumari au kukatwa na jembe, kisha siku chache baadaye taya linakaza, hapo si tabia tena. Hiyo yaweza kuwa pepopunda, inaua, na safari ya hospitali ni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.