Fahamu: Viporo vya Ligi Kuu, na kwa nini vinawakera mashabiki

Kiporo ni mechi ya ligi iliyoahirishwa, inayosubiri tarehe mpya.

Vinatoka wapi?

Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Bodi ya Ligi ndiyo hupanga ratiba. Simba au Yanga ikisafiri kwa michuano ya CAF, mechi zake husogezwa.

Kwa nini mashabiki hulalamika?

Msimamo hausomeki sawasawa, maana wengine wana mechi mkononi. Anayeumia zaidi ni shabiki wa mkoani aliyekwisha kulipa nauli. Dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo. Kwa msafiri, taarifa hiyo ilichelewa mno. Dabi hiyo ilichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0.